Lokua Kanza: fundi aliyerudi ku benchi ya masomo

Wandugu, tukitaja jina la Lokua Kanza hapa Bukavu, mazungumzo yanaendaka ku njia mbili. Wa kwanza wanasema, "Ule ni mutoto wa hapa," na wanaishia hapo, kama vile kuzaliwa fasi fulani ni kazi ya sanaa. Wa pili wanasema, "Ile ni muziki ya kulalia, ni muziki ya wazungu na ya hoteli." Njia hizi mbili zina ugonjwa mmoja: kwa zote mbili hakuna haja ya kumsikiliza.

Mimi ninataka tumsikilize. Na ninataka tujibu swali moja ambalo linatugusa sisi tuliomaliza masomo na ninyi ambao bado muko ku oditwari: mtu aliyeanza na muziki wa vijana, muziki wa kuchezesha watu, akienda kusoma jazz, anapata nini na anapoteza nini? Jibu langu ni hili: jazz ilimfundisha Lokua Kanza kupunguza. Alisoma mambo mengi ili aweze kuimba kwa vitu vichache. Pale ambapo kupunguza huko kulifanya kazi, alitoa muziki ambao hakuna mwingine mu Kongo aliyekuwa ameutoa. Pale ambapo kulizidi, wimbo ulibaki laini mno na ukakosa chumvi. Nitasema yote mawili.

Sauti ya kijana

Alizaliwa hapa Bukavu mwaka 1958, baba Mmongo, mama mwenye asili ya Rwanda, na yeye ni wa kwanza kati ya watoto wanane. Mwaka 1964 familia ilihamia Kinshasa. Kwanza waliishi vizuri, halafu maisha yakageuka: mama alilazimika kwenda na watoto wake ku mtaa wa watu wa hali ya chini, na mtoto wa kwanza akaanza kutafuta chakula cha wadogo wake. Wale kati yetu ambao ni watoto wa kwanza wanajua mzigo huo bila kuelezwa. Sifa ya kuwa mkubwa unapewa siku moja, deni lake unalipa kila siku.

Aliimba kanisani. Kule Kisangani aliona tamasha la Miriam Makeba, na ndipo alipoamua kwamba muziki utakuwa kazi yake. Tuweke alama hapo. Tunamjuaka Makeba kama mama wa nyimbo za uhuru, lakini kabla ya kutoka Afrika Kusini alikuwa ameimba na Manhattan Brothers, kisha na kundi la wanawake la Skylarks, mu miaka ya 1950, na nyimbo zao zilikuwa zimekunywa jazz ya Marekani mpaka zikashiba. Kwa hiyo mbegu ya jazz ilimfikia Lokua mapema, kupitia mwanamke wa Kiafrika aliyesimama jukwaani Kisangani, miaka mingi kabla ya Paris.

Lakini kijana mwenye sauti mu Zaire ya miaka ya 1970 alikuwa na mlango mmoja mkubwa: rumba. Zaiko Langa Langa walikuwa wameanza mwishoni mwa 1969, ni vijana wenyewe walioianzisha, na kila mtaa ulitaka kuwa na orkestra yake. Lokua naye aliimba mu bendi za rumba. Tusidharau shule hiyo. Rumba inamfundisha mwimbaji kukaa ndani ya sauti za wenzake, kusikia nani yuko juu na nani yuko chini, na kuheshimu mtu aliyekuja kucheza akiwa amechoka na kazi. Baadaye aliingia konservatwari ya Kinshasa, na mwaka 1980 akawa na Abeti Masikini, mwimbaji ambaye tayari alikuwa amepanda jukwaa la Olympia mjini Paris mwaka 1973 na la Carnegie Hall mjini New York mwaka 1974. Kufika kwa Abeti haikuwa jambo dogo. Kijana wa miaka 22 alikuwa amefika fasi ambapo wengine wanafunga safari na kusema, "Sasa nimefika."

Yeye aliendelea. Alienda Abidjan, akafanya kazi ya muziki mu Hôtel Ivoire. Mwanamuziki wa hoteli anaimba anachotaka mteja. Leo ni wimbo wa Kifaransa, kesho wa Kiingereza, kesho kutwa kitu cha Brazil, na hakuna anayemuuliza yeye anapenda nini. Wengi wamezeekea mu kazi hiyo, juu inalipa.

Jina lilitangulia, masomo yakafuata

Kabla ya kumfuata Paris, tusimame kidogo ku neno lenyewe, "jazz". Wengi wanadhani ni neno geni kwetu. Hapana. Joseph Kabasele aliita orkestra yake African Jazz mwaka 1953. OK Jazz ilizaliwa 1956. Ng'ambo ya ziwa Tanganyika kulikuwa Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe. Mababu zetu walicheza chini ya jina hilo kila wiki.

Ila walichokuwa wanapiga kilikuwa rumba, cha-cha, na miziki mingine ya dansa. Jina "jazz" lilikuwa kama koti la Jumapili: lilisema sisi ni watu wa mji, tuna saksofoni, tuna gitaa la umeme, tuko mu dunia ya leo. Hakuna ubaya. Lakini ufundi wenyewe wa jazz, ule wa kuchukua wimbo mmoja na kuuvalisha akodi nyingine, kila mara upya, ulibaki kwa wachache.

Lokua alichukua njia ya kinyume. Koti hakulitaka, alitaka kitambaa na sindano. Mwaka 1984 alifika Paris, akaingia CIM, shule ya jazz, na kusoma gitaa kwa Pierre Cullaz, mpiga gitaa wa jazz anayejulikana kule Ufaransa. Hesabuni miaka. Alikuwa na 26. Alikuwa ameishi kwa muziki, amefanya kazi na nyota, amelipwa mu hoteli kubwa ya Abidjan. Na mtu huyo akarudi ku benchi kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, kufundishwa kitu alichokuwa anakifanya tayari.

Hapa njo moyo wa mambo. Mu mji wetu mtu wa miaka 26 mwenye diploma anaanza kusema amechelewa. Kurudi kusoma kunaonekana kama kukubali kwamba ulishindwa. Lokua alirudi akiwa fundi, juu alikuwa amegundua kwamba mkono wake unajua njia moja tu ya kwenda fasi.

Alifundishwa nini? Tueleze bila maneno makubwa. Akodi ya kawaida ni noti tatu zinazolia pamoja. Nyimbo nyingi tunazozipenda, za kanisa na za rumba, zinazunguka ku akodi tatu hivi, na hiyo ni nguvu yake: kila mtu anajua nyumba iko wapi. Jazz inaongeza noti ya nne, ya tano, wakati mwingine inaondoa ile uliyoitegemea. Ghafla akodi haisemi tena "furaha" au "huzuni" peke yake. Inasema vyote viwili kwa pamoja, au inauliza na kukaa kimya. Mtu mwenye kujua hivyo anaweza kuimba melodi rahisi kabisa, ya mtoto, na chini yake akaweka kitu kinachokufanya uache kijiko ku sahani.

Njia ya kurudi ilipita kwa Dibango

Baada ya shule alifanya kazi na Ray Lema, mwenzetu wa Kongo, mtu wa piano anayefikiria muziki kama fundi wa saa. Kisha alipiga na kuimba na Manu Dibango. Hapo historia ilifanya mzunguko mzuri. Dibango, Mkameruni wa saksofoni, alikuwa amependa jazz tangu ujana wake Ulaya, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliingia mu African Jazz ya Kabasele na kufika mpaka Léopoldville. Yaani alikuwa mtu wa jazz aliyekuja kujifunza rumba kwetu. Miaka 30 baadaye Lokua, mtu wa rumba aliyeenda kujifunza jazz kwao, akasimama karibu naye. Wale wanaosema jazz na muziki wa watu ni kambi mbili, watuambie Dibango wanamuweka wapi.

Mwaka 1992 Lokua alipanda ku Olympia, akifungua tamasha la Angélique Kidjo. Mwaka 1993 akatoa albamu yake ya kwanza, yenye jina lake. Alikuwa na miaka 35.

Sikilizeni "Mutoto" mu albamu hiyo. Kwanza jina. Ni "mutoto", na ile *u* ya katikati ni yetu, ya Kiswahili cha upande wetu wa Kongo, ile ambayo mwalimu alikuwa anatukatia pointi. Pili, sikilizeni kile ambacho hakipo. Ni mu miaka ambayo soukous ya Paris ilikuwa inakimbia: ngoma ya mashine, gitaa la solo linalia kama nyuki, sebene inaanza kabla hujakaa. Lokua anakuja na gitaa la mbao, mdundo mdogo, na sauti. Sauti zinapandana moja juu ya nyingine, na ukizifuata utagundua hazikai pale ambapo kwaya ya parokia ingezikalisha. Kuna moja inayosimama pembeni, ku noti ambayo peke yake ingeonekana kosa, na ndani ya kundi inakuwa utamu. Ile njo jazz yake. Hakuna solo ya dakika nne, hakuna mtu anayeonyesha vidole. Masomo yote yamefichwa mu mpangilio wa sauti, kama mpishi mwenye kujua viungo vyote ambaye anakuwekea chumvi na pilipili tu, kwa kipimo.

Mwaka 1995 ikafuata "Wapi Yo". Msomaji wa Bukavu asome tena jina hilo polepole. "Wapi" ni Kiswahili kilichoingia mu Lingala zamani, "yo" ni Lingala: uko wapi, wewe. Kichwa kimoja, lugha mbili, na hakuna mtu wa hapa anayehitaji mkalimani. Mtu aliyetoka mashariki akiwa mtoto na kukomalia Kinshasa hawezi kusema jina hilo bila kubeba barabara nzima kati ya miji hiyo miwili.

Na kama munataka kusikia mahali jazz ilipotoka mafichoni, tafuteni albamu ya 2004 aliyofanya na Richard Bona na Gerald Toto, inayoitwa kwa majina yao matatu, Toto Bona Lokua. Bona ni Mkameruni, mpiga besi aliyefanya kazi na Joe Zawinul, mtu ambaye vidole vyake vinaogopesha wapiga besi wenzake. Angeweza kumfunika kila mtu. Mu albamu hii hamfuniki mtu. Watu watatu wanachezeana sauti kama watoto wanaorushiana mpira, mmoja anaanza, wa pili anaingia chini, wa tatu anacheka juu. Walirudi pamoja na "Bondeko" mwaka 2018, lakini ile ya kwanza ina uchangamfu ambao ni vigumu kuurudia. Kwangu mimi njo kilele cha Lokua kama mtu wa jazz, na ajabu ni kwamba hakuna kinachosikika kigumu.

Fasi ambapo ulaini ulizidi

Sasa tuseme upande mwingine, kwani kumpenda mtu wa kwetu si sababu ya kufunga masikio.

Mwaka 2005 alitoa "Plus vivant", albamu ya Kifaransa. Sina shida na Kifaransa, tumesomea humo. Shida ni kwamba Kifaransa chake kinamvuta kwenda ku wimbo wa redio ya Paris, ambapo akodi nzuri inakuwa zulia na mwimbaji anatembea juu yake bila kukanyaga kitu. Mu Lingala na mu Kiswahili sauti yake ina mifupa: silabi zinagonga, lugha yenyewe inafanya kazi ya ngoma. Mu Kifaransa mifupa hiyo inayeyuka. Utamu unabaki, lakini ni utamu wa chai yenye sukari nne.

Lawama ya pili ni ya mwendo. Ukiweka albamu zake mbili mfululizo, unaweza kupita nyimbo tano zenye hatua moja, polepole, kana kwamba kukimbia ni dhambi. Mtu aliyeanza mu rumba anajua kuchezesha watu. Kwa nini ametuficha kijana yule? Jazz yenyewe haikatazi kucheza. Ilizaliwa kwa watu wanaocheza. Hapa ninaona kwamba somo la kupunguza lilichukuliwa mbali kidogo: alipopunguza makelele, siku nyingine alipunguza na damu.

"Nkolo" ya 2010 ilirudisha sehemu ya damu hiyo. Humo kuna "Nakozonga", yaani "nitarudi", gitaa na sauti, na tena ile hali ya akodi isiyoamua kama inafurahi au inalia. Mwaka 2021 ikaja "Moko", maana yake "moja", ikiwa na lugha nyingi na watu wengi. Ni kazi ya mtu ambaye hana tena haja ya kuthibitisha kitu. Wakati mwingine mtu wa namna hiyo anatupa zawadi, wakati mwingine anajiridhisha. "Moko" ina vyote viwili.

"Ni muziki ya watu wa hoteli"

Nirudi ku ile lawama ya mwanzo, maana ina nguvu na haifai kupuuzwa. Wanasema: jazz ni ya watu wenye kukaa, wenye glasi mkononi, wenye tiketi ya bei. Mtu wa Kadutu aliyesimama sokoni tangu asubuhi anataka kitu cha kumuinua, hataki kitu cha kumtafakarisha.

Ni kweli kwamba Lokua anajulikana zaidi ku majumba ya Ulaya kuliko ku barabara za Bagira. Lakini angalieni bei ya muziki wenyewe. Orkestra ya rumba inataka watu kumi na tano, magitaa ya umeme matatu, besi, spika, jenereta, na usafiri wa wote. "Mutoto" inataka gitaa moja na vijana wanne wenye kusikilizana. Umeme ukikatika, orkestra inanyamaza. Gitaa la mbao halina habari. Mu mji huu, kati ya miziki hiyo miwili, ni upi ulio wa maskini? Kwaya zetu zina sauti za kutosha, kila Jumapili tunazisikia kuanzia Ibanda mpaka Bagira. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaambia ile noti ya pembeni iko wapi.

Njo maana hadithi ya benchi inanishika kuliko hadithi ya kuzaliwa. Kuzaliwa Bukavu hakukumpa akodi hata moja. Alizipata kwa kukaa chini ya mwalimu akiwa na miaka 26, akisubiri mpaka 35 ili jina lake liandikwe peke yake ku kifuniko cha albamu. Miaka tisa hiyo kati ya shule na albamu hakuikaa bure: alikuwa nyuma ya Lema, nyuma ya Dibango, akipiga muziki wa watu wengine na kusikiliza. Kati yetu kuna anayeona miaka yake ya nyuma ya mtu mwingine kama hasara. Siwezi kumuahidi Olympia. Ninaweza kumwambia tu kwamba ku albamu ya 1993 miaka ile inasikika, noti kwa noti.

Kwa anayetaka kuanza, apange hivi: "Mutoto" kwanza, usiku, bila kufanya kitu kingine. Halafu "Wapi Yo" yote. Halafu Toto Bona Lokua, pamoja na rafiki, kila mmoja achague sauti moja na aifuate peke yake mpaka mwisho wa wimbo. Nyimbo za Kifaransa aziache za mwisho, na kama atazipenda kuliko mimi, tutabishana vizuri, maana atakuwa amesikiliza.